Mkesha wa Ijumaa: saa imebadilika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa!

Mkesha wa Ijumaa utaanza saa 3 usiku, si saa 4 tena, hadi saa 11 alfajiri. Mahali ni palepale, ukumbi mdogo wa kanisa.

Somo ni Waefeso 6:10-18. Lisomeni nyumbani kwanza, mkae sana kwenye mstari wa 16, ngao ya imani. Paulo aliandika haya akiwa kifungoni, na ngao anayoitaja ni ile kubwa ya askari, mfano wa mlango, ya kumfunika mtu karibu mwili mzima. Mstari huu umenivusha usiku mwingi wa hofu. Tena mstari wa 12 unasema vita vyetu si juu ya damu na nyama, kwa hiyo hatutamwombea mabaya jirani wala ndugu yeyote.

1. Kina mama: zamu ya kwanza ya maombi, hadi saa 6.
2. Vijana: kusoma Zaburi 91 kwa sauti.
3. Mwenye mzigo wa pekee aniandikie faragha.

Wanaotumia dawa, tafadhali msiziache kwa sababu ya kufunga.

Naomba kila mmoja ajibu "Nipo" au "Sitaweza" kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nipange zamu.