Kiasi katika mavazi ni suala la haki pia

Mhariri,

Tukihimizwa kuishi maisha ya kiasi, huahidiwa utulivu wa moyo tu. Sawa, lakini haki je? Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilipoporomoka nchini Bangladesh, watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao washonaji wa nguo za bei ya chee zinazouzwa ng'ambo. Nyufa zilionekana siku moja kabla, wakaamriwa warudi kazini.

Kwa hiyo kushona kifungo kilichong'oka badala ya kukimbilia shati jipya si ubahili. (Simwambii mtu avae matambara!) Ukitamani nguo, ngoja wiki, mara nyingi hamu huisha yenyewe. Na wauzaji wakubwa wabanwe waeleze nguo zao zimeshonwa wapi, na kwa ujira gani.

Msomaji wako