Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uonjaji wa Matufaha Mapya

Ndugu wanachama,

Nimepitia karatasi za alama pamoja na kamati ya uonjaji. Nyingi kati ya zile zilizoleta ubishi hazikuharibiwa na waonjaji. Ziliharibiwa na tufaha lililofika mezani bichi, au lililotoka kwenye friji muda huohuo.

Tunda likichumwa mapema, wanga wake haujageuka sukari, na aina nzuri huandikiwa "haina utamu". Kuupima wanga si kazi. Likate tufaha katikati kwa upana, chovya uso uliokatwa kwenye maji ya ayodini, kisha subiri dakika moja au mbili. Penye wanga hugeuka bluu ya kukaribia weusi, pasipo wanga hubaki peupe, na weupe huo huanzia kwenye mbegu ukielekea ganda. Ukiona uso mzima umekuwa mweusi, ahirisha kuonja. Kipande hicho hakiliwi, kitupwe.

Baridi nayo huificha harufu, basi matufaha yatolewe kwenye friji tangu jana yake yafikie nyuzi 20 hivi. Vipande vikatwe kwa urefu, kuanzia kikonyo hadi kitako, tena visimenywe. Shavu lililopigwa na jua huwa tamu kuliko la kivulini; mmoja akipewa hili na mwenzake lile, watabishana hadi jioni na wote wana haki. Kisu kipite dakika chache tu kabla ya kuonja, kwani nyama ikishakuwa ya kahawia, macho hutoa hukumu kabla ya mdomo.

Majina yafichwe kwa namba za tarakimu tatu, na kila mwonjaji awe na mpangilio wake, kwa sababu tufaha linalofuata kali sana huonekana tamu kuliko lilivyo. Aina sita kwa kikao zinatosha, na maji katikati.

Utamu ndio unaotupotosha zaidi. Matufaha mawili yanaweza kusoma Briksi 13 yote (Briksi ni kipimo cha sukari kwenye maji ya tunda), moja likachangamka kwa asidi ya maliki, ile inayolipa tufaha ukali wake, na jingine likapooza kama maji ya sukari. Honeycrisp, tufaha chotara wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wa mwaka 1960 aliyetolewa kwa wakulima 1991, alipendwa kwa jinsi anavyokatika mdomoni kuliko kwa sukari yake. Ndiyo maana fomu mpya inaanza na mkatiko, kisha ukali, utamu na harufu. Ukakasi, ule wa kukausha ulimi, una safu yake. Msiuandike kwenye uchungu.

Mwakani, anayeleta aina mpya alete matunda kumi yaliyochumwa pande zote za mti, na tarehe ya kuchuma. Matano yataonjwa mapema, matano baada ya miezi miwili ya baridi. Hakuna aina itakayokataliwa kwa mazao ya mwaka mmoja, hasa yale ya kwanza ya mti mchanga.