Barua kwa mwalimu wa Bahi

Ipagala, Dodoma

Mbukwa, Mwalimu!

Habari za siku nyingi, na habari za hapo Bahi? Sisi huku hatujambo, ila upepo wa Julai umetukamata na vumbi lake. Mama kajitanda khanga mbili na bado analalamika baridi. Anakusalimia sana, anauliza mpunga umetoka vipi mwaka huu.

Siku ile kwenye simu uliniuliza swali nikakujibu nusu, zamu ilikuwa inaanza. Ulisema, wewe nesi mzima wa dharura, umeshona vichwa vya watoto miaka yote hii, leo unaacha sindano unakwenda chuo kufanya utafiti, kuhesabu majeraha ya watoto? Siachi sindano, Mwalimu. Nimechoka tu kumshona mtoto, halafu nifungue rejesta nikute imeandikwa "ajali, ameshonwa, ameruhusiwa". Basi. Aliumia wapi, saa ngapi, alikuwa na nani, kilimuumiza nini, hakuna. Wanaweza kuletwa watoto watano waliogongwa kwenye kivuko kimoja, kila mmoja akapokelewa na zamu yake, na asiwepo hata mmoja wetu wa kujua kuwa ni kivuko kimoja.

Huko Cardiff, Wales, kuna daktari anaitwa Jonathan Shepherd, bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nyuso za watu waliopigana, wengi wao vijana waliotoka baa. Akagundua kwamba sehemu kubwa ya ugomvi uliowafikisha hospitali, polisi hawakuwa na habari nao kabisa. Ndipo watu wa mapokezi wakaanza kumuuliza kila majeruhi maswali machache: ilikuwa mahali gani hasa, lini, umepigwa na kitu gani. Jina la mtu halitoki nje ya hospitali. Zile taarifa zinakwenda kwa polisi na halmashauri ya jiji, doria zinahamia mitaa inayotajwa sana, baa zinabanwa kuhusu glasi zinazogeuzwa silaha. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo: waliolazwa kwa majeraha ya ugomvi Cardiff walipungua, ukilinganisha na miji mingine inayofanana nao. Na kazi kubwa ameifanya karani wa mapokezi, mwenye kalamu! Hapo ndipo waliponipata.

Sasa hapa kwetu glasi za baa si tatizo la watoto. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema barabara ndiyo inayoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, na sihitaji WHO kuniambia, nawaona. Anakuja aliyepakiwa mbele kwenye tenki la bodaboda, nyuma wako wenzake wawili. Anakuja mdogo aliyevuta sufuria ya uji kwenye mafiga. Maembe yakianza kuiva wanakuja wa kuanguka mitini, unawaona wiki mbili tatu mfululizo wakiondoka na hogo mkononi. Mambo haya yana misimu yake, yana saa zake na mitaa yake. Kitu chenye msimu kinaweza kuzuiwa, mradi mtu akiandike.

Halafu kuna wale ambao mzazi anasema "kaanguka", na ukimtazama mtoto moyo unakataa. Hapa utafiti umenisaidia kuliko miaka yangu ya wodini. Daktari Mary Clyde Pierce wa Chicago na wenzake wamechunguza alama za kuvilia damu kwa watoto wadogo. Mtoto anayejifunza kutembea anajigonga paji la uso na ugoko, hiyo kawaida. Lakini alama ikiwa kiwiliwilini, sikioni au shingoni kwa mtoto wa chini ya miaka minne, au popote pale kwa mtoto wa miezi minne kushuka chini, na hakuna ajali yoyote iliyoshuhudiwa, usimruhusu kurudi nyumbani kabla hujachunguza zaidi. Fikiria mwenyewe: mtoto ambaye hata kugeuka hajaweza, kajigonga wapi? Shida ni kwamba ngozi zetu hazionyeshi alama waziwazi kama picha za vitabuni. Inabidi umvue nguo zote, umsogeze kwenye mwanga, umguse taratibu. Usiku kukiwa na foleni, nani anafanya hivyo?

Hilo la foleni ndilo linanifanya nisishangilie kila kinachotoka nje. Flint, Michigan, huko Marekani, waliwahi kukaa na vijana wa miaka 14 hadi 18 palepale idara ya dharura, kama dakika 35, wakizungumza nao kuhusu hasira, ugomvi na pombe. Ugomvi kati yao na wenzao ulipungua miezi iliyofuata. Ni kazi nzuri, ilichapishwa 2010. Na wenzetu wanaihitaji hasa, maana Marekani tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wao. Lakini dakika 35 na mgonjwa mmoja? Nikimwambia mkuu wangu wa zamu atadhani nimekunywa.

Kwa hiyo mimi nataka maswali manne tu kwenye karatasi ya mapokezi. Nayo yana ugumu wake. Ukianza kuuliza "nani kampiga", mzazi anafikiria PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, anafikiria kituo cha polisi, anafikiria shemeji kukamatwa, na hadithi inabadilika hapohapo. Wengine wanabaki nyumbani na mtoto mpaka kidonda kinanuka, kwa kuamini kwamba bila ile fomu hawatapokelewa. Wakati mtoto anayevuja damu anatakiwa kutibiwa kwanza, fomu ifuate! Ndiyo maana nataka jibu la utafiti likae mbali na jina, na kesi inayohitaji ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ipite njia yake yenyewe. Hivi viwili vikichanganywa, hakuna mama atakayetuambia ukweli tena.

Usinune kwa ninalosema sasa. Utafiti wa kitaifa wa 2009, ambao ripoti yake ilitoka 2011, uliwauliza vijana wetu. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walisema wamewahi kupigwa, yaani kuchapwa, ngumi au mateke, kabla ya kufika miaka 18, na waliowapiga ni pamoja na ndugu na walimu. Najua utaniambia kanuni zinaruhusu. Zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mwalimu mkuu au aliyemwandikia ruhusa, na viandikwe kwenye kitabu. Wewe unakiona hicho kitabu kinaandikwa? Tulipokuwa tunasoma Msalato wewe ndiye uliyekuwa unalia kuliko wote, leo unaniambia darasa la watoto tisini haliendi bila fimbo. Sikulaumu, sijawahi kusimama mbele ya tisini. Ila Luwero, Uganda, walifanya programu na shule nzima, walimu na wanafunzi wakapanga pamoja namna nyingine ya nidhamu, na kwa matokeo yaliyotoka 2015, hatari ya mwanafunzi kupigwa na wafanyakazi wa shule ndani ya wiki moja ilishuka kwa asilimia 42. Nao wana madarasa yaliyojaa. Tutabishana ukija, pika wewe.

Sasa ombi langu. Shule yako iko kando ya barabara kuu ya Singida, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapo mchana kutwa. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, cha kazi yangu ya hospitali bado, kwa hiyo ninachoomba si utafiti, ni daftari la shule yenyewe. Mtoto akigongwa, au akikoswakoswa, mwalimu wa zamu aandike siku, saa, mahali, alikuwa anaelekea wapi, na chombo gani. Jina la mtoto lisiwemo. Dar es Salaam shirika la Amend lilianzia kwenye mambo kama hayo, kutazama watoto wanapita wapi hasa, ndipo likajenga matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule za msingi, na majeruhi wakapungua. Mradi ule ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Mkiwa na muhula mmoja tu ulioandikwa vizuri, kamati ya shule itakuwa na kitu cha kuweka mezani kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ombi la matuta bila maandishi unajua linakoishia.

Kauntabuku nimeshanunua, nimelipiga mistari mwenyewe. Nitakuja nalo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikitoka zamu ya usiku, kwa hiyo uniachie nilale kwanza. Mwalimu mkuu mwambie mapema, tafadhali, asije akadhani nimekuja kukagua kitabu cha viboko.

Wasalimie watoto na baba yao.

Ni mimi rafiki yako,
Nesi wa Ipagala