Wataalamu waseme na sisi kwa Kiswahili, na wakae wajibu maswali

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua watu wengi wanaandika na nafasi ni ndogo, lakini hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na nikiliacha tena wiki hii basi halitoandikwa.

Mimi ni fundi simu hapa Wete, Pemba. Natengeneza simu, nauza chaja na kava, na kazi kubwa nyengine ni kuwajazia watu vitu kwenye memori kadi, taarab, kaswida, mawaidha, mpira, tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Kama miaka mitatu nyuma alikuja kijana wa kidato cha nne akaniomba nimshushie hotuba za wale wataalamu wanaosimama jukwaani dakika 18, zile za TED, nikamshushia na wakati zinashuka nikawa naziangalia mwenyewe. Toka siku ile sijaacha. Usiku nikishafunga kibanda naangalia moja au mbili, mara tabianchi, mara magonjwa, mara akili mnemba, mara mtu aishi vipi maisha yake yawe na maana. Kiingereza changu cha skuli, sentensi nyengine nairejea mara nne, lakini nafika.

Sasa mhariri ninachotaka kusema ni hichi. Elimu hii ije kwetu kwa Kiswahili cha kusikia, cha mdomo, redioni na barazani, na mtaalamu akishamaliza watu wapewe nafasi ya kumuuliza. Zipo chache zenye maandishi ya Kiswahili chini ya video na waliofanya kazi ile Mungu awalipe, lakini mama wa miaka 55 macho hayaoni vizuri, simu yenyewe kioo kimepasuka, na yale maandishi yanapita mbio, hawezi kuyasoma huku anamtazama mtu. Sisi watu wa kusikia. Darsa tunasikia, khutba tunasikia, habari za saa mbili tunasikia, na mambo mengi tuliyonayo vichwani yameingia kwa masikio.

Watu wanaweza kudhani haya mambo ni ya Ulaya na Marekani na hayatuhusu. Ile TED ilianzia California kweli, mwaka 1984, na hotuba zao zikaanza kuwekwa kwenye intaneti 2006, lakini mwaka uliofuata tu, 2007, walikuja kufanya mkutano wao Arusha, hapa hapa Tanzania. Na huko Arusha ndio alipanda jukwaani William Kamkwamba wa Malawi, kijana wa miaka 19, aliyetoka skuli kwa kukosa ada baada ya ile njaa kubwa ya kwao ya 2001 na 2002, akaingia maktaba, akaona picha ya kinu cha upepo kwenye kitabu akajenga cha kwake kwa baskeli mbovu na feni ya trekta na mabomba ya plastiki, nyumba yao ikapata taa. Kiingereza kilikuwa kinamshinda na hofu imemjaa, akasema kwa ufupi tu kwamba alijaribu na akaweza. Mimi fundi, natafuta vipuri kwenye simu zilizokufa kila siku, niliangalia ile hotuba mara sita. Nikajiuliza vijana wangapi wa huku kwetu Pemba, wa Micheweni na Konde, wamemsikia huyu mtu, ambaye maisha yake yanafanana na yao kuliko ya msanii yeyote wanayemjua. Nimewauliza wateja wangu wengi. Hakuna aliyemsikia.

Mwengine ni Bunker Roy wa India. Mwaka 2011 alizungumza kuhusu chuo chake cha Tilonia, Rajasthan, ambako anachukua mabibi wa vijijini wasiojua kusoma wala kuandika na kuwafundisha kuunganisha umeme wa jua kwa miezi sita. Hawana lugha moja, wanafundishwa kwa ishara za mikono na rangi za waya. Anaeleza na kwanini alichagua mabibi, anasema mwanamme ukimpa cheti anakimbilia mjini kutafuta kazi, bibi anarudi kijijini kwake. Mhariri, chuo hicho tawi lake lipo Kinyasini, Unguja! Kabla ya hapo kina mama wa Zanzibar walipelekwa hadi India kusoma, wakarudi mafundi. Kwa hiyo hotuba ile inasikilizwa na watu wa dunia nzima na inawahusu mama zetu, halafu mama zetu wenyewe hawajaisikia kwa lugha yao. Hili linaniuma kweli. Wale mafundi wa Kinyasini ndio wangetakiwa wasimame redioni dakika 18 waseme, maana habari za umeme hapa hatufundishwi na mtu wa mbali, Unguja walikaa gizani karibu miezi mitatu toka Disemba 2009 na sisi Pemba tulikuwa tunaishi kwa majenereta mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika 2010.

Shangazi yangu analima mwani huko Kiuyu, zaidi ya miaka ishirini sasa. Mwaka juzi yeye na wenzake waliitwa kwenye ukumbi mmoja mjini kusikiliza wataalamu wa tabianchi. Walitoka alfajiri. Mzungumzaji alizungumza Kiingereza karibu saa moja, mkalimani akawa anafupisha, maneno kumi yanatoka moja, na ulipofika wakati wa maswali ikawa chakula tayari kimeshafika na gari zinasubiri. Akarudi na fulana na chupa ya maji. Nilipomuuliza wamesema nini akanambia, "Baba, wamesema bahari imepata joto. Miye hiyo naijua, naikanyaga kila siku."

Basi siku ya mapumziko nikenda kwake na simu. Nikawakuta kina mama saba chini ya mkungu wa uani wanafunga taitai, vile vikamba vidogo vya kushikia mbegu, kwenye kamba, mbegu za mwani zimelowana kwenye kipolo, kila mmoja mikono inakwenda bila ya kuangalia. Sikuwaonesha video. Niliwasimulia tu yale niliyoyasikia na kuyasoma, kwa Kiswahili chetu. Kwamba mwani wa kotoni unataka maji yasiyochemka, joto likizidi unadhoofika, unapata weupe, unakatika kwenye kamba, na ndio maana sehemu nyingi za Unguja kotoni imekufa imebaki spinosamu, aina nyengine ya mwani ambayo bei yake ni ndogo. Kwamba vile vinavyotolewa ndani ya mwani vinatiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu huko nje. Kwamba Dk. Flower Msuya, ambaye kautafiti mwani wetu miaka mingi kutoka Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, amejaribu na kina mama kulima kwenye maji ya kina kirefu kwa neti za mfano wa bomba, kwa sababu huko chini joto halipigi kama ufukweni.

Mikono ikasimama. Nasema kweli mhariri, mikono yote saba ilisimama, na kwa mwenye kuwajua hawa kina mama mikono haisimami hata wakila. Mmoja akauliza kama ule weupe ni ugonjwa wa kuambukiza au ni joto tu, maana yeye huutupa pembeni na labda unaambukiza mwani wa wenzake. Mwengine akauliza kwanini kamba zake za karibu na mkondo hazifi kama za upande wa mchangani. Hayo ni maswali ya utafiti, mtu wa chuo kikuu angeyaandika kwenye daftari lake. Na shangazi akauliza lake, nitalisema mwisho.

Nilitoka pale nimeelewa kwamba hotuba bila ya maswali ni nusu ya kazi. Wale wa jukwaani wanamaliza, watu wanapiga makofi, anashuka. Kwetu baraza haiendi hivyo, mtu akisema neno barazani atakatwa, ataulizwa, atapingwa, kahawa itaongezwa, na mwisho wake watu wanaondoka na jambo limewakaa.

Na msidhani nasema jambo ambalo halijawahi kufanyika. Wapo wanaokumbuka habari ya Misali. Kisiwa kile kila Mpemba anakijua, wavuvi wanakaa dago pale, yaani wanapiga kambi, na wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika akataka msala wa kusalia, haukupatikana, akasema basi kisiwa hichi kimekaa kama msala, ndio jina lake. Mwaka 1998 kikawekwa kwenye hifadhi. Walikuja wataalamu na mambo yao ya matumbawe na samaki wanaozaliana, na yote yalikuwa kweli, lakini wavuvi wengi wakaona hii ni serikali na wageni wanataka kutufukuza. Baadae ndio wakashirikishwa masheikh, elimu ile ile ikapitishwa misikitini na madrasa, kwamba bahari ni amana, kwamba binaadamu ni khalifa na ataulizwa, kwamba kuvua kwa kuharibu ni israfu. Hapo ndio wavuvi wakaanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe juu ya baruti na nyavu za kukokota. Matumbawe yalikuwa yale yale na hoja ile ile, kilichobadilika ni lugha na nani anayesema. Watu wa nje wamekuja kujifunza kwetu kwa ajili ya Misali, sisi wenyewe hatujaifanya kuwa njia yetu ya kila siku.

Kuna upande mwengine ambao unanitia hofu, na huu nauona kibandani. Vijana wanataka kujua waishi kwa lengo gani, na hilo ni swali la heshima kabisa, kijana anayejiuliza hivyo tusimkatishe. Lakini wanaowajibu sio wataalamu, ni watu wa kuhamasisha tu wenye sauti kubwa. Mpwa wangu alilipa shilingi 20,000 kuingia semina moja, akaambiwa aamke saa kumi za usiku na aache marafiki maskini. Aache marafiki maskini! Wiki nzima hakwenda barazani kwa wenzake, akawa anakaa ndani na daftari. Mama yake akaja kwangu analia. Nilikaa nae nikamuwekea ya Kamkwamba nikamwambia muangalie huyu, hakuanza kwa kuuliza atatajirika vipi, alianza kwa kuona nyumbani kwao njaa na giza. Tukazungumza mpaka isha. Sasa hivi yupo na mimi kibandani anajifunza kazi, na ana mpango wake wa betri za taa za wavuvi ambao sijauelewa wote lakini namuachia aujaribu.

Na teknolojia pia. Hazipiti siku mbili bila ya mtu mzima kuja na simu yake kuniuliza hii video ya kiongozi fulani anagawa pesa ni kweli? Hii sauti ya mwanangu aliyepo Muscat ni yeye? Hizi sauti na sura zinatengenezwa na kompyuta sasa hivi, na watu wetu wanatuma pesa. Mimi namjibu mmoja mmoja kadiri ninavyojua. Mtu anayezijua hizi mashine vizuri akikaa redioni nusu saa akaeleza kwa Kiswahili namna zinavyofanya kazi na namna ya kujikinga, atawaokoa watu kuliko mimi kwa mwaka mzima.

Vyombo tunavyo. Nchi yetu ilikuwa na televisheni ya rangi toka miaka ya sabini wakati wenzetu wa Bara wakaja kupata yao miaka ya tisini. Redio ya taifa ipo, huku kwetu ipo Redio Jamii Micheweni inayosikika mpaka kwa wavuvi. Magazeti yapo. Nawaomba wafanye hivi: mara moja kwa wiki mtaalamu mmoja, dakika 18 zinatosha, Mzanzibari au mgeni mwenye mkalimani wa kweli aliyejitayarisha, kisha saa nzima ya simu na maswali. Awe daktari wa mifugo, awe mhandisi, awe mvuvi wa pweza anayejua kufunga mwamba usivuliwe kwa muda na kuufungua. Na gazeti lako mhariri lichape muhtasari wake Jumamosi, herufi kubwa, ili aliyekosa kusikia asomewe.

Kuhusu lugha nisiambiwe kwamba Kiswahili hakina maneno. UNESCO wameipa lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai, na sisi ndio tunaosifiwa kwa Kiswahili fasaha. Neno likikosekana litaulizwa kwa wenye kazi yao, kina mama wa mwani wana jina la kila kitu mpaka la maji yanavyorudi.

Sasa lile swali la shangazi. Aliweka kamba chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanambia, "Huko kwenye kina kirefu nimefahamu, joto ni dogo na kotoni itaishi. Lakini sisi wanawake hatujui kuogelea na hatuna vidau. Nani atatufundisha kuogelea, lini, na tutavaa nini tukiogelea?" Sikuwa na jibu, nikamwambia nitaliandika gazetini. Nimeliandika. Mtaalamu yeyote atakayeisoma barua hii na analo jibu, alilete kwa Kiswahili, na ikiwezekana alilete mwenyewe mpaka Kiuyu, wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, kina mama wapo nyumbani.

Wako,
Fundi simu,
Wete, Pemba.