Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Wapiga Picha, Kisumu, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliofika na mliotuma udhuru. Ya kawaida nitayapitia upesi kwa kuwa mnayajua. Tulipanga matembezi kumi na mawili ya kupiga picha, tukafanya tisa. Moja lilizuiwa na mvua za Aprili, mawili na maandamano ya Juni na Julai. Tulifika ufuo wa Dunga mara tatu, soko la Kibuye mara mbili, na bandarini, Kondele, Hippo Point na stesheni ya reli mara moja moja. Mafunzo yalikuwa mawili, la kupima mwanga na la kutunza lenzi. Kumbukumbu zote ziko kwa katibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limesemwa zaidi pembeni kuliko mkutanini, nalo ni maonyesho yetu ya picha sokoni Kibuye na fedha za mfuko wa kununulia lenzi. Mfuko ulikuwa na shilingi 96,000. Kamati, kwa pendekezo langu, ilitumia 68,500: picha 36 kwa shilingi 1,100 kila moja, jumla 39,600; plaiwudi na mbao 14,400; usafiri 6,500; kamba, turubai na walinzi wa usiku 8,000. Zimebaki 27,500. Wapo waliochanga wakitarajia lenzi ndefu ya kupiga ndege, na wana haki ya kupewa sababu. Pendekezo lilikuwa langu, kwa hiyo nalijibia mimi.

Mji wetu una sifa mbaya, tusifichane. Mtu aliye mbali akitafuta picha za Kisumu kwenye simu, hukutana na matairi yanayowaka, mawe barabarani na ziwa lililozibwa na gugu maji. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka ya Oginga Odinga Street yaliporwa na kuchomwa. Picha ya moshi isiyo na mahali wala tarehe huzunguka miaka na miaka, na kila anayeipokea hudhani ni ya jana. Wengi wetu tumekuwa tukijibu kwa machweo: mtumbwi mweusi, anga la rangi ya chungwa, basi. Machweo ya Hippo Point ni mazuri kweli, lakini mji haumo ndani yake. Hakuna anayebadilisha fikira zake kuhusu Kisumu kwa kuona jua, maana jua huzama kila mahali.

Ndiyo maana kamati ilichagua picha 25 za kazi na mitaa, na 11 za mahali pagumu: majengo ya kilichokuwa kiwanda cha pamba cha KICOMI, ambacho kilisimama miaka ya 1990 na vibarua wengi wakarudi nyumbani mikono mitupu, mitaro ya Nyalenda baada ya mvua, gugu maji, na alama nyeusi ya tairi lililoungua kwenye lami ya Kondele. Tuliambiwa tunauaibisha mji. Mimi naona aibu iko kwenye picha isiyo na maelezo. Kila picha yetu ilikuwa na mahali, mwezi, mwaka na sentensi mbili za maelezo. Hatukuweka picha hata moja yenye uso wa kijana aliye kwenye maandamano, kwa sababu uso ukishachapwa ukubwa wa meza hauwezi kurudishwa, na mwenye uso hakutupa ruhusa. Wanachama wawili walijiondoa kwa uamuzi huo. Nasikitika kuwapoteza, lakini uamuzi wenyewe nausimamia.

Kwa nini Kibuye na si ukumbi wa hoteli? Ukumbini wangekuja wale wale tunaowajua, wakala samosa, wakaondoka. Kibuye siku ya Jumapili hupitiwa na watu wa mitumba, wa mahindi, wa masanduku ya mabati, na wageni kutoka vijiji vya mbali. Picha ya gugu maji ilionyesha mitumbwi sita katikati ya majani, na maelezo yetu yalisema mitumbwi imeachwa. Mzee mmoja mvuvi aliisoma, akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba haijaachwa: alasiri upepo wa ziwani husukuma gugu hadi ufuoni likafunga njia, na wenye mitumbwi hungoja upepo wa nchi kavu ulivute nje usiku ili watoke. Akaonyesha kwa kidole kasia iliyolazwa ndani ya kila mtumbwi. Aliyeuacha mtumbwi hawezi kuacha na kasia. Tulikuwa tumeitazama picha ile miezi minne na kasia hatukuziona. Tulifuta neno letu kwa kalamu ya wino mzito, tukaandika lake. Hotelini kosa lile lingebaki ukutani hadi mwisho na sisi tukipigiwa makofi.

Yaliyoharibika nayo nayasema. Picha tisa za kwanza zilitoka nyeusi, nyuso hazisomeki, tukalipa mara ya pili kutoka mifukoni mwa wanakamati wenyewe. Kosa halikuwa la mchapaji. Tulizirekebisha kwenye skrini iliyowekwa mwanga wa juu kabisa, na karatasi haina taa nyuma yake. Punguzeni mwanga wa skrini hadi karatasi nyeupe iliyowekwa pembeni ilingane nayo, halafu chapeni kipande kidogo cha majaribio kabla ya kulipia picha kubwa. La pili ni gundi. Tulibandika vinili, yaani plastiki nyembamba zilizochapwa picha, kwenye plaiwudi asubuhi, na kufikia saa sita mchana jua lilikuwa limekunja pembe za picha kumi na moja. Plaiwudi ilikuwa na vumbi la msumeno, tena haikupigwa rangi, hivyo ilikunywa gundi. Mbao zisuguliwe kwa msasa, zifutwe, zipigwe koti moja la rangi, zikauke usiku mzima, kisha pembe zipigwe pini. Vinili na wino wake vilistahimili manyunyu ya saa kumi. Karatasi ya kawaida ingetiririka rangi hadi chini.

Kuhusu lenzi ndefu, kumbukeni lenzi ya kwanza ya chama. Ilikaa miezi saba ndani ya mkoba wa ngozi, chini ya kitanda. Mkiimulika kwa tochi kutoka nyuma mtaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Ni kuvu, na katika unyevunyevu wa ziwa hili huota bila kuombwa. Picha hupungua makali, rangi nyeusi inakuwa kijivu, na ukichelewa, kuvu hula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na kioo hakisafishiki tena. Ngozi hushika maji. Lenzi ikae ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vinavyokaushwa kila mwezi, na itolewe juani dakika chache kila wiki. Mpaka tuwe na ndoo hiyo, daftari la kukabidhiana na mtu wa kuifuatilia, kununua lenzi ya pamoja ni kulisha kuvu.

Niseme pia kuhusu picha zenyewe. Wanachama walileta 212, na kosa lililorudiwa kuliko yote ni lile lile la mwaka jana: mtu amesimama mbele ya ziwa linalong'aa, uso wake ukawa kivuli. Kamera inapima maji, inadhani mwanga ni mwingi, inafunga. Pimeni usoni, au ongezeni mwanga kwa hatua moja (yaani maradufu) hadi moja na nusu, na mbingu ikipauka iacheni ipauke. Watu wetu wana ngozi nyeusi yenye rangi ndani yake, kahawia, shaba, buluu kwenye kivuli, na picha inayowageuza makaa imewakosea heshima hata kama mpigaji hakukusudia. Omena ikianikwa kwenye nyavu pale Dunga hufanya vivyo hivyo: fedha yake huidanganya kamera, samaki wakatoka kijivu kama majivu. Ongezeni theluthi mbili za hatua, mkichuchumaa upande ambao jua linawapiga samaki kwa kando, kila samaki ataonekana peke yake.

Kwa mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma, kasi ya kamera ya 1/30 ya sekunde hugeuza cheche kuwa nyuzi; 1/500 huzifanya vumbi. Msitazame mwako kupitia kitundu cha kamera yenye kioo cha ndani (DSLR), tumieni skrini. Na muombe kwanza. Fundi aliyeombwa hugeuka mwenyewe kuelekea kwenye mwanga.

Tuko karibu sana na Ikweta, jua hushuka wima kama jiwe kisimani, hivyo mwanga mzuri wa jioni ni dakika ishirini au thelathini, si saa nzima. Anayefika Dunga saa kumi na mbili na nusu ya jioni akianza kutafuta pa kusimama amechelewa. Wenye droni, uwanja wa ndege uko karibu na mji. Kifaa kisajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga na kibali kiwe mkononi, la sivyo jina la chama lisitajwe.

Mahudhurio yananiumiza. Tuko 63 kwenye daftari, na mkutano wa kila mwezi umepata wastani wa watu 14. Siku ya kubeba plaiwudi walikuja saba, mimi nikiwemo, na mbili kati ya safari tatu za mkokoteni nilizisimamia mwenyewe hadi saa tano usiku. Siku ya kupiga picha ya pamoja mbele ya maonyesho walikuwa 38. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka. Waliomaliza ni 24, waliolipa kidogo kidogo 17, ambao hawajatoa hata senti 22. Zimepatikana 71,400 na tunadai 79,800. Wanaolalamika kwamba mfuko wa lenzi uliguswa, nimewatafuta kwenye daftari: waliomaliza ada ni watatu. Hao watatu nimewajibu hapa kwa heshima zote. Ada zingelipwa, mfuko usingeguswa.

Mwaka ujao tunatumaini kuanza hifadhi ya picha za mji. Reli ilifika hapa 1901, wakapaita Port Florence. Kisumu ikawa jiji 2001. Katikati ya miaka hiyo kuna mitaa mizima ambayo picha zake ziko kwenye masanduku ya familia zikiliwa na mchwa. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni vimeshabomolewa. Mwenye picha ya moshi wa samaki aina ya mbuta ukitoka pale sasa ana kitu ambacho hakuna kamera itakayokipiga tena. Tungependa pia kurudisha maonyesho, pengine Kondele chini ya daraja, Mungu akijalia na ada zikilipwa. Tumezungumza na watu wawili watatu kuhusu ukuta wa kudumu. Bado hakuna la kuandika.

Plaiwudi 18 ziko stoo kwa katibu, zimepigwa rangi sasa. Anayehitaji kuazima aandike jina na tarehe ya kurudisha. Mweka hazina yuko meza ya mlangoni na daftari, hadi chai itakapoandaliwa. Matembezi ya kwanza ni Dunga, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla gugu halijarudi ufuoni.

Wenu,
Mwenyekiti