Chora nukta kwanza, mstari baadaye

Mhariri,

Makala za hali ya hewa na bei za mazao gazetini mara nyingi huweka grafu mbili za nguzo bega kwa bega, kisha msomaji anaambiwa kwamba vitu hivyo "vinahusiana". Nguzo hazionyeshi hilo. Linaloonyesha ni grafu ya mtawanyiko, ambayo kila kituo cha hali ya hewa hupata nukta moja yenye vipimo viwili.

Chukua mwinuko na joto. Mhimili mlalo weka mita kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa mwinuko ndio unaobadili joto. Wima weka nyuzi. Dar es Salaam itakaa jirani na sifuri, Dodoma kwenye 1,120 hivi, Arusha 1,400, Mbeya 1,700. Vinne havitoshi, tafuta vituo 20 au zaidi. Nukta zitateremka kuelekea kulia, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Joto liwe la mwezi mmoja: Dar ya Januari ikikaa na Mbeya ya Julai, mteremko unakuwa mkali kwa sababu ya majira, na mwinuko unasingiziwa.

Kwenye Excel chagua "Scatter", kamwe si "Line". Hiyo ya pili huzichukua mita kama majina tu na kuzipanga kwa nafasi sawa, hata Dodoma ikawa mbali na Arusha sawasawa na ilivyo mbali na Dar.

Nukta ikijitenga usiifute. Rudi kwenye daftari. Huenda mwinuko umenakiliwa kutoka taarifa za uwanja wa ndege, ambazo huandikwa kwa futi, na Dodoma ikapanda hadi 3,600 na ushei.

Wapo wanaoridhika na mgawo wa uhusiano, yaani namba inayopima jinsi nukta zinavyoufuata mstari ulionyooka, bila kuchora. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza seti nne za nukta 11, zote zenye mgawo wa karibu 0.82 na mstari uleule wa kupita kati ya nukta. Zichore: ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili upinde, ya tatu imenyooka ila nukta moja imeuvuta mstari. Ya nne ndiyo kiboko: nukta 10 zimesimama wima, moja iko mbali peke yake, na hiyo moja ndiyo imebeba uhusiano wote.

Tunaomba basi chini ya kila grafu gazeti liandike idadi ya nukta, vizio vya mihimili yote miwili na mwezi wa vipimo.

Walimu wa takwimu,
Morogoro