Lenzi iliyorudi sio yangu, na mkaniambia kurudi ni kurudi

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

YAH: LENZI ISIYO YANGU NILIYORUDISHIWA NA MANENO NILIYOAMBIWA KWENYE SIMU

Kwa heshima zote naomba barua hii isomwe na mtu, sio ile mashine yenu inayojibu "tumepokea malalamiko yako" halafu kimya. Nimeiandika nikafuta mara tatu kwa sababu kila nikifika katikati hasira zinanipanda, kwa hiyo mkikuta mahali nimesema kwa ukali mnivumilie, nimejitahidi.

Niliuza lenzi yangu ya kamera kwenye jukwaa lenu, mteja akakaa nayo siku tano akairudisha, ila ndani ya boksi ikaja lenzi nyingine. Namba ya kesi mnayo. Sera ya kurudisha bidhaa mmeiandika wenyewe, sina haja ya kuwakumbusha. Naanza na simu ya Alhamisi maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nilisubiri zaidi ya dakika 40 nasikilizishwa muziki, akapokea dada mmoja. Nikamsomea namba ya seriali ya lenzi niliyouza, tarakimu moja moja, halafu nikamsomea namba ya lenzi iliyorudi, nayo tarakimu moja moja. Yangu inaishia 4417. Iliyorudi inaishia 0982. Akanyamaza, nikasikia anamwambia mwenzake pembeni "huyu ni wale wale", wakacheka, kisha akarudi kwangu: "Dada, mfumo unaonyesha mzigo umerudi. Kurudi ni kurudi." Akakata.

Kurudi ni kurudi. Kwa hiyo mteja akichukua kifaa changu akajaza tofali kwenye boksi, akalipeleka kwa wasafirishaji, nalo limerudi? Mnachohesabu nyie ni boksi?

Naongelea Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II, ile ndefu nyeupe, mpiga picha yeyote anaijua, imetoka 2010 na mpaka leo watu wanaitafuta. Nimekaa nayo miaka sita. Nimeilaza kwenye kisanduku kisichoingiza hewa pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu, kila baada ya miezi michache nabadilisha, maana najua adui wa lenzi ni fangasi. Sasa iliyorudi nilipoiweka mezani nikaimulika na tochi kutokea nyuma, kwenye kioo cha ndani nikaona nyuzi nyuzi nyeupe zimesambaa kama utando wa buibui, zimeanzia ukingoni zinaelekea katikati. Fangasi ya namna ile haioti kwa siku tano jamani. Siku tano ndizo alizokaa nayo huyo mteja wenu. Na ukiichomeka kwenye kamera, ile sehemu ya kutuliza mtikisiko inakwaruza, inalia krrr krrr halafu picha inaruka kwenye kioo. Yangu ilikuwa inasikika kwa mbali sana mpaka uweke sikio.

Muuzaji anayejua kazi yake akiangalia vitu hivyo viwili ndani ya dakika moja anakupa jibu, ila nasikitika hamkumweka hata mmoja pale.

Halafu kuna hili. Fomu yenu ya kuweka tangazo ina sehemu ya namba ya seriali, ina alama nyekundu, usipojaza haikuruhusu kuendelea. Mnataka na picha ya hiyo namba iliyosomeka vizuri, ya kwanza niliyoweka mliikataa mkasema ina kivuli, nikapiga nyingine. Mliitaka ya nini? Kama siku ya ugomvi hakuna anayeifungua kuisoma, mlinisumbua kivuli cha nini? Namba mnayo kwenye mfumo wenu huo huo unaoonyesha "mzigo umerudi". Ni suala la mtu kufungua kurasa mbili akalinganisha tarakimu.

Nadhani hamjui kazi ninayofanya kwenye jukwaa lenu kwa hiyo nieleze kidogo. Kifaa kilichotumika hakiuziki kwa picha nzuri. Mtu hajawahi kukuona, hajakishika, anatoa hela yake anasubiri, kwa hiyo anachonunua kwanza ni neno lako. Mimi kwenye tangazo naanza na ubovu. Rangi imekwanguka hapa, raba ya kuzungushia zumu imelegea kidogo, kifuniko cha mbele sio cha kwake. Mwaka jana niliuza kamera ya Canon 5D Mark III, sikuandika "imetumika kidogo" kama wengine, niliandika shata, kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga picha, imepiga mara 91,306. Ile modeli haihifadhi idadi hiyo ndani ya picha, lazima uichomeke kwenye kompyuta uisome kwa programu maalumu, nikaisoma nikaweka na picha ya skrini. Kiwanda kimeipima shata yake kwa mara 150,000, so mnunuzi akapiga hesabu mwenyewe akajua kilichobaki. Alinunua siku hiyo hiyo na mpaka leo akitafuta kifaa ananiuliza mimi kwanza. Hivyo ndivyo nilivyofikisha mauzo 214 kwa miaka minane bila lalamiko hata moja, na nyie mmekula kamisheni kwenye yote 214.

Na sijawahi kutoka nje ya programu yenu. Wangapi wameniambia "tumalizane pembeni tukwepe makato"? Wengi tu, na wengine walikuwa watu wazuri. Nikakataa kila mara kwa sababu mlituambia hela ikikaa kwenu mpaka mnunuzi athibitishe, pande zote ziko salama. Niliamini. Nikawa nawaambia na wengine, wapo watu wamefungua akaunti kwenu kwa neno langu.

Sasa turudi kwenye mzigo wenyewe maana naona nimeruka. Niliufunga nikiwa narekodi video moja isiyokatwa: namba ya seriali kwenye chuma cha nyuma, kioo kimemulikwa na tochi kiko safi, plastiki la mapovu mara tatu, boksi, selotepu, mpaka karatasi ya anwani ikabandikwa. Dakika sita. Niliwatumia Jumatatu, mkajibu faili ni kubwa. Nikaipunguza nikatuma tena Jumanne, mkajibu picha haionekani vizuri! Nikawaambia basi angalieni picha za kwenye tangazo, mkasema hazina tarehe. Tarehe zilikuwemo ndani ya faili nilipozipakia, mfumo wenu ndio unaozifuta, picha yoyote ukiishusha kutoka kwenye tangazo inatoka tupu. Nikatuma faili halisi kutoka kwenye simu. Hizo hazijajibiwa mpaka naandika hapa. Jumatano usiku mkamrudishia mteja hela yote, na Alhamisi asubuhi naamka nakuta chini ya jina langu pameandikwa "muuzaji anayechunguzwa".

Ndipo nikapiga simu. Na naomba nirudie, kwa sababu mara ya kwanza nimeieleza kwa haraka na nyie mtaisoma kwa haraka.

Sikuwa peke yangu. Lenzi ilikuwa mezani juu ya kitambaa, mdogo wangu amekaa pembeni ameshika tochi anamulika kile chuma cha nyuma ili nisikosee hata tarakimu moja, simu nimeiweka spika. Namba zenyewe ni ndogo, zimechorwa, ukiinamisha kidogo zinapotea kwenye mng'ao. Nilisoma taratibu. Nikasema "umeandika dada?" akasema "endelea". Nikasema "umeiona ya kwenye tangazo?" akanyamaza. Hakuwa anaandika. Nilisikia kiti kinasogea, halafu "huyu ni wale wale", halafu kicheko, sio kicheko cha mtu mmoja. Mdogo wangu akashusha tochi akaniangalia. Huyo ni mtoto niliyemfundisha biashara hii mimi, nimemwambia mara ngapi andika kasoro hata kama itakupunguzia bei, sema ukweli, wateja watarudi. Na yeye ndiye aliyesikia dada yake akiwekwa kwenye kundi la matapeli na mtu ambaye hata hakufungua picha. Ndipo sauti ikarudi imepoa kabisa, kama hakuna kilichotokea, "kurudi ni kurudi". Sikupewa nafasi ya kusema lolote. Baada ya sekunde chache ujumbe ukaingia unaniuliza nimeridhika na huduma kwa nyota ngapi.

Wale wale ni kina nani? Nataka jibu la maandishi.

Najua mtasema mfumo umewekwa kumlinda mnunuzi. Alindwe, mimi mwenyewe nanunua kwenu zaidi ya ninavyouza, na nimeshawahi kuletewa kamera yenye kioo kilichopasuka mkanilinda, nilishukuru. Hata kumzuia muuzaji asimpe mnunuzi alama mbaya nakuelewa, eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani, ilianza 1995, ikaruhusu pande zote mbili kupeana maoni, mwaka 2008 ikamzuia muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya kwa sababu wauzaji walikuwa wanalipiza kisasi mpaka wanunuzi wanaogopa kusema ukweli. Sababu ina mantiki. Lakini ukishamziba muuzaji mdomo inabidi wewe mwenye jukwaa uangalie kwa niaba yake, na hamkuangalia. Huyo mteja leo yuko huru, akaunti yake ni safi, ana lenzi yangu nzima na ana hela yake, na kesho ataagiza kwa mwingine, na lenzi mbovu nyingine itapanda boksi. Atakayefuata anaweza akawa muuzaji mgeni ambaye hiyo ndiyo lenzi yake pekee ya kazi.

Ninachoomba. Kwanza mtu alinganishe namba mbili. Ni hilo tu la kuanzia. Pili hela yangu yote iingie, pamoja na gharama ya usafirishaji ya kwenda na kurudi ambayo mmenikata mimi, jambo ambalo nimelijua jana nikiangalia salio, kwa hiyo nimelipia hadi usafiri wa lenzi ya fangasi. Tatu, lile neno "anayechunguzwa" litoke chini ya jina langu, na lisitoke kimya kimya. Wateja wameshaliona. Kuna mtu alikuwa ameagiza flashi mbili akaghairi Ijumaa, hakunilaumu, aliandika tu "samahani nimeona tangazo lako lina alama". Wekeni taarifa kwamba mlikosea, ikae siku zile zile lilizokaa hilo neno.

Nilikuwa nataka kuishia hapo ila nikikumbuka kile kicheko naona haitoshi. Nataka rekodi ya ile simu. Mnatangaza wenyewe mwanzoni kwamba mazungumzo yanarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, basi ipo, isifutwe. Nataka kuombwa radhi na msimamizi wa kitengo, kwa sauti, na mdogo wangu akiwepo. Na nataka mniambie huyo mteja mmemfanya nini, sihitaji jina lake wala anwani, nataka kujua kama bado anaagiza vitu vya watu.

Nilipanga niwape siku 14. Halafu nikahesabu kwamba nyie kunihukumu iliwachukua siku mbili toka mlipopokea video, kwa hiyo nawapa siku saba, na najua ni nyingi. Ikipita siku ya saba, lenzi hii ikiwa ndani ya boksi lake na selotepu yake kama ilivyokuja, pamoja na video, picha, risiti za usafirishaji na barua hii, vinaenda polisi kama kesi ya wizi, maana namba 4417 ni mali yangu iliyochukuliwa na namba 0982 ni ya mtu fulani ambaye huenda na yeye anaitafuta. Nakala itaenda kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji. Na wale wateja wangu 214 nitawaandikia mmoja mmoja, bila matusi, nitawawekea picha mbili za namba zikiwa pembeni kwa pembeni na maneno yenu matatu chini yake. Wengi wao ni wauzaji pia. Watafunga akaunti au hawatafunga ni juu yao.

Lenzi yenu hii siiuzi, simpi mtu, na siirudishi kwa njia ya kawaida. Ipo mezani na tochi iko pembeni yake. Mkiamua kupiga simu, anayepiga awe ameshafungua tangazo langu, amesoma namba mpaka mwisho, na asome kwa sauti nikiwa nasikiliza.

Wenu,
Muuzaji, akaunti ya tangu miaka minane iliyopita
(namba ya kesi iko juu ya barua pepe hii)

Viambatanisho: video ya kufunga mzigo (zote mbili, kubwa na iliyopunguzwa), picha halisi 11, risiti za usafirishaji 2, na picha ya skrini ya ule ujumbe wa nyota.